Nani alipanga bei ya ngozi?

Hebu jibu kwanza: kati ya daktari anayemtibu mtoto mwenye nimonia na daktari anayekagua madoa ya ngozi, nani analipwa zaidi? Kwa Marekani, jibu liko wazi. Tafiti za kipato za miaka ya karibuni zinampa daktari wa ngozi zaidi ya dola 400,000 kwa mwaka, na daktari wa watoto karibu dola 250,000.

Utasema ni uhaba. Kweli, nafasi za kusomea ubingwa wa ngozi ni chache na wanaozigombea ni wengi. Lakini uhaba peke yake hautoshi. Kuna orodha ya bei, na ina historia yake.

Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilianzishwa mwaka 1965. Mwanzoni iliwalipa madaktari kwa kufuata walichozoea kutoza. Aliyezoea kutoza kikubwa alilipwa kikubwa, basi. Gharama zilipopaa miaka ya 1980, William Hsiao, mchumi wa Harvard, alipewa kazi ya kupima jasho la daktari. Timu yake ilipima muda, ujuzi, juhudi ya akili na mwili, hata msongo wa mawazo. Ikaona kwamba kumsikiliza mgonjwa na kufikiri kunalipwa kidogo mno ukilinganisha na kukata na kushona. Kuanzia Januari 1992, kila huduma ikapewa pointi zake, na pointi zikageuzwa kuwa dola.

Mambo yakanyooka? Wapi! Pointi hupitiwa upya mara kwa mara, na anayependekeza ni kamati ya Chama cha Madaktari cha Marekani, iliyoundwa mwaka 1991. Wengi wa wajumbe wake ni mabingwa wa fani mbalimbali. Serikali hukubali sehemu kubwa ya mapendekezo yao.

Sasa mtazame daktari wa ngozi. Asubuhi moja anaweza kukata vipande vya ngozi kwa ajili ya vipimo na kugandisha vioteo kwa nitrojeni ya kimiminika. Vyote ni vitendo vifupi, na kila kimoja kina malipo yake. Mbinu ya Frederic Mohs, aliyeianza Wisconsin miaka ya 1930, huondoa saratani tabaka kwa tabaka, kila tabaka likipimwa kwa darubini. Kila hatua ina malipo yake. Halafu mwaka 2002 Botox iliruhusiwa kwa makunyanzi ya katikati ya nyusi, na wateja wa urembo hulipa kutoka mfukoni, nje kabisa ya orodha ya bima.

Kwa hiyo kipato hutegemea pia kama daktari anamiliki kliniki au ameajiriwa, na kama anafanya vitendo au anazungumza zaidi. Mwanafunzi wa udaktari mwenye deni la masomo huliona hilo mapema, kabla hajachagua fani.

Ukisikia "analipwa hivyo kwa sababu ni bingwa", uliza: na daktari wa watoto je, si bingwa?