Flashi si Hifadhi: Sikio, Namba na Kanda za Redio Tanzania

Hapa Kwa Mrombo, kama katika mitaa mingi ya Jiji la Arusha, wapo vijana wanaojipatia riziki kwa kuingiza nyimbo kwenye flashi. Ukiwaomba za NUTA Jazz, watakujazia kwa fedha kidogo. Nyingi kati ya hizo zilirekodiwa kwenye kanda za sumaku na Redio Tanzania Dar es Salaam, chombo cha Serikali tangu mwaka 1965. Swali langu ni la kihistoria: je, tunachokisikia leo ndicho kilichorekodiwa?

Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo ya takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na kikomo hicho cha juu hushuka umri unavyosonga. Harry Nyquist mwaka 1928, kisha Claude Shannon mwaka 1949, walituachia kanuni kwamba sauti ikipimwa zaidi ya mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa, huweza kurejeshwa kamili. Ndiyo maana sidii, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima mara 44,100 kwa sekunde. Kwa msikilizaji, hicho ni kiasi cha kutosha.

MP3 ilikuja na hesabu nyingine: hutupa kile ambacho sikio linakadiriwa kutokisikia. Kunakili faili hakuliharibu, lakini kulibana upya kila linapohama simu hupunguza sauti, na kilichotupwa hakirudi.

Basi tusichanganye mambo mawili. Kikomo cha sikio ni kipimo cha kusikiliza, wala hakitoshi kuwa kipimo cha kuhifadhi. Wataalamu wa hifadhi za sauti hushauri angalau vipimo 48,000 kwa sekunde na biti 24, bila kubana, kwa kuwa watakaokuja watahitaji kuondoa mikwaruzo na kuchunguza tusiyoyajua. Kanda nazo hazisubiri: gundi inayoshika chembe za sumaku huchakaa, na mashine za kuzichezea zinaadimika.

Vijana wa flashi wameueneza urithi huu bila ruzuku ya mtu, nami nawashukuru. Kuuhifadhi, hata hivyo, ni wajibu wa dola iliyourekodi. Watumishi wa umma mnaoandaa bajeti, wekeni fungu la kazi hiyo. Wanafunzi na wanaharakati, liulizieni kila mwaka, kanda zingali zinachezeka.