Habari za Kisiwa cha Lanzarote na Milima ya Moto

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za milima itoayo moto. Walio karibu na nchi ya Wamasai waujua Oldonyo Lengai, ambao maana ya jina lake ni Mlima wa Mungu. Na ndugu zetu wa Kongo hawajasahau mwezi wa Januari mwaka wa 2002, mlima wa Nyiragongo ulipopasuka, mawe yaliyoyeyuka yakashuka hata katikati ya mji wa Goma. Mambo kama hayo yatokeapo, watu huuliza: Je, nchi iliyofunikwa na moto imekwisha kufa? Na wenye nchi hiyo wafanye nini? Leo twataka kueleza habari za kisiwa kimoja ambacho watu wake walilazimika kuyajibu maswali hayo kwa mikono yao wenyewe. Walijibu kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo, nasi twaona ya kuwa katika zote mbili wana neno la kutufundisha.

Kisiwa hicho chaitwa Lanzarote. Ni kimoja katika Visiwa vya Kanari, ambavyo ni vya dola ya Hispania, walakini vimelala katika bahari ya Atlantiki upande wa magharibi wa Afrika. Tena si mbali. Kutoka Lanzarote hata pwani ya Afrika ni kama maili 80 tu. Eneo lake ni maili za mraba zipatazo 325. Hakuna mto hata mmoja. Mvua ya mwaka mzima haizidi sana inchi 6, na pengine hupungua, na upepo wa kaskazini-mashariki huvuma karibu siku zote. Watu wa zamani waliishi kwa kukinga maji ya mvua katika mabirika waliyoyachimba ardhini, wakayatunza kama mtu atunzavyo fedha.

Wenyeji wa kwanza wa kisiwa walikuwa jamaa ya Waberberi wa Afrika ya Kaskazini. Wengi wao walikamatwa na wezi wa baharini wakauzwa utumwani. Mwaka wa 1402 alifika Jean de Béthencourt, mtu wa Ufaransa, akaanza kuitwaa nchi, na mwaka wa 1404 mfalme wao, Guadarfía, alibatizwa. Baadaye mabwana Wakristo waliotawala kisiwa walivuka bahari mpaka pwani ya Afrika, wakateka watu na kuwaleta Lanzarote kwa nguvu. Jambo hilo twaliandika kwa huzuni, maana waliotenda hivyo walikuwa wakijiita watu wa Kristo. Ngamia pia walitoka pwani hiyohiyo, wakawa wanyama wa kubeba mizigo na kulima. Kwa hiyo katika wakulima wa Lanzarote imo damu ya Afrika tangu mwanzo.

Hata mwaka wa 1730, upande wa magharibi wa kisiwa ulikuwa na mashamba mazuri ya ngano na shayiri, na nafaka ilisafirishwa kwenda visiwa vingine. Vijiji vilikuwa vingi. Basi tarehe 1 Septemba ya mwaka huo, kati ya saa tatu na saa nne za usiku, nchi ilipasuka ghafula karibu na kijiji cha Timanfaya. Usiku uleule kilima kikubwa kiliinuka toka ardhini, na ndimi za moto zikapanda kutoka kilele chake. Kisha mawe yaliyoyeyuka, ambayo wenye elimu huyaita lava, yalianza kutiririka kuelekea vijijini, kwanza mbio kama maji, baadaye polepole na kwa uzito kama asali.

Twajuaje habari hizi sawasawa namna hii, hata saa yenyewe? Twazijua kwa sababu katika mji mdogo wa Yaiza alikuwapo padre mmoja, jina lake Andrés Lorenzo Curbelo, ambaye aliandika mambo aliyoyaona kwa tarehe zake. Aliandika jinsi kijiji cha Santa Catalina kilivyoangamia. Aliandika jinsi katika mwezi wa Oktoba ng'ombe walivyoanguka wakafa kwa kukosa pumzi, kwa ajili ya hewa mbaya iliyotoka ardhini. Mwaka wa pili aliandika jinsi pwani ya magharibi ilivyojaa samaki waliokufa, wengine wa namna ambayo watu hawakupata kuiona. Hata mwisho wa mwaka wa 1731, matumaini ya kuona moto ukikoma yalipowaishia, yeye na wengi wa watu wake walipanda vyombo wakakimbilia kisiwa cha Gran Canaria.

Kitabu chake chenyewe hakionekani leo. Lakini mwaka wa 1815 mtaalamu wa mawe wa Kijerumani, Leopold von Buch, alifika visiwani, akayatia maneno ya padre yule katika kitabu chake, na hivyo hayakupotea. Wazee wetu husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na msiba vilevile, usipoandikwa, hupotea pamoja na mafundisho yake. Padre yule hakuweza kuuzuia moto. Kazi aliyoiweza ni kutazama na kuandika kweli, naye aliifanya.

Moto haukukoma mpaka tarehe 16 Aprili 1736, yaani baada ya miaka mitano na miezi saba na nusu. Wenyeji husimulia ya kuwa katika siku za mwisho watu walikwenda kwa maandamano na sala, wakiichukua picha ya Maria Mama wa Huzuni, na mahali walipousimamisha msalaba pale lava ilisimama, isifike katika mashamba yaliyobaki. Hata leo kila mwezi wa Septemba watu wa kisiwa hukusanyika katika kanisa la Mancha Blanca kwa ukumbusho huo. Moto ulipokwisha, robo ya kisiwa ilikuwa imefunikwa na mawe meusi na majivu. Timanfaya na vijiji vingi vingine havikuonekana tena. Baadaye, mwaka wa 1824, moto ulitoka tena kwa miezi michache, kisha ukatulia hata sasa.

Sasa tuwatazame wakulima waliobaki. Mashamba yao ya ngano yalikuwa chini ya majivu. Wasomaji wasidhani kwamba twasema majivu ya jikoni. Majivu ya mlima wa moto ni mawe yaliyosagika, punje nyeusi ngumu zenye vitundu vingi ndani yake. Jembe likipiga hapo halipati udongo. Lakini wale waliokuwa mbali kidogo, ambao mashamba yao yalipata majivu haba tu, waliona jambo la ajabu: mimea iliyopenya katika majivu yale ilistawi kuliko ilivyostawi zamani. Sababu yake twaijua. Punje zile zenye vitundu hupokea unyevu na umande wa usiku na kuupitisha chini. Na mchana huukinga udongo na jua kali, unyevu usitoke. Katika nchi isiyo na mvua, majivu yalikuwa kama blanketi juu ya udongo.

Basi watu wakaanza kuchimba. Mahali paitwapo La Geria, ambapo majivu ni mengi, kila mtu alichimba shimo pana lenye umbo la bakuli, pengine kina chake hata futi 10, mpaka afike katika udongo wa zamani wa baba zake. Chini kabisa akapanda mzabibu mmoja, au mtini. Upande utokako upepo akapanga ukuta mfupi wa mawe, mfano wa mwezi mchanga, bila chokaa wala udongo. Kisha akachimba shimo la pili, na la tatu. Leo mashimo hayo ni maelfu, yamepangana juu ya vilima vyeusi, na katika kila moja utaona majani mabichi. Kazi yote ni ya mkono. Mashine haiwezi kupita humo. Na wale ambao mashamba yao hayakupata majivu kabisa, waliyachukua kwa ngamia wakayatandaza wenyewe juu ya udongo, wakapanda vitunguu na mboga. Kitu walichokilia machozi babu zao, wajukuu walikibeba kwenda shambani kwa hiari.

Hilo ndilo jibu la kwanza: walichimba. Lakini tusidhani ya kuwa walichimba kila mahali. Katikati ya nchi iliyoungua iko milima ambayo wenyeji huiita kwa Kihispania Milima ya Moto, na jina hilo si la zamani tu. Mpaka leo, ukichimba huko kwa kina cha futi 40 na kidogo, joto hufika digrii 600 za sentigredi. Walinzi wakitupa kichaka kikavu shimoni, huwaka chenyewe. Wakimimina maji katika bomba lililosimikwa ardhini, mara hurudi juu kwa kishindo yakiwa mvuke. Watu husimulia habari za mzee mmoja, Hilario, ambaye zamani alikaa huko peke yake miaka mingi, akapanda mtini. Mti uliota, wasema, lakini haukuzaa hata siku moja, maana ua haliwezi kulishwa na moto. Kama hadithi hiyo ni ya kweli au sivyo, maana yake ni wazi kwa kila mkulima. Kule La Geria chini ya majivu uko udongo. Huku chini ya majivu uko moto. Aliye na akili huuliza kwanza chini kuna nini.

Kwa hiyo jibu la pili lilikuwa kuacha. Mwaka wa 1974 serikali ya Hispania iliitenga nchi hiyo, karibu maili za mraba 20, iwe hifadhi ya taifa, na jina lake ni Timanfaya, jina la kijiji kilichozikwa. Imezungukwa na hifadhi nyingine ya asili iitwayo hifadhi ya Volkano, na eneo lililolindwa lafika mpaka baharini. Huko pwani lava iliingia majini ikaganda, na kisiwa kikaongezeka. Leo mawimbi hupiga magenge meusi na kuvuma ndani ya mapango yake. Kusini kidogo, mahali paitwapo Janubio, lava iliufunga mlango wa ghuba ikawa ziwa la maji ya chumvi, na mwishoni mwa karne ya kumi na tisa watu walitengeneza humo mashamba ya chumvi. Ndege wa baharini hutaga katika nyufa za pwani hiyo. Juu ya mawe vimeanza kushika vijimea vidogo sana, mfano wa ukoga mweupe, ambavyo ndivyo vya kwanza kukaa penye lava na kuumega mwamba polepole uwe udongo. Kazi yao ni ya miaka mamia, na unyayo mmoja waweza kuiharibu kwa dakika moja.

Wageni wanaokwenda kuitazama hifadhi hiyo hupita milioni moja kwa mwaka. Hapo ndipo lilipo jambo gumu. Fedha zao ni chakula cha watu wengi wa kisiwa, ambacho bado hakina mto, na ambacho tangu miaka ya 1960 hunywa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Lakini kama kila mgeni angetembea apendapo na kuokota jiwe moja tu, kitu walichokuja kukitazama kisingekuwapo. Kwa hiyo sheria ni kali: watu huchukuliwa kwa motokaa kubwa katika njia moja, ngamia wana mahali pao, watembeao kwa miguu wana vijia vichache, wala hairuhusiwi kuchukua jiwe.

Wako watakaosema, Kuiacha nchi bila kuilima ni anasa ya matajiri. Neno hilo si la kudharauliwa, maana mahali pengine maskini wameondolewa penye mashamba yao ili pawe hifadhi, na kilio chao ni cha haki. Walakini Timanfaya hapakuwa na mtu wa kuondolewa. Moto ulikwisha kuwaondoa. Tena sisi tusomao Maandiko twajua ya kuwa katika torati ya Musa nchi yenyewe ilipewa mwaka wake wa kupumzika, na maskini na wanyama wakapewa kilichoota humo. Kuacha kunaweza kuwa utii, kama vile kuchimba kunavyoweza kuwa imani.

Katika vijiji vyetu twasikia maneno mawili kila mwaka. Mmoja asema, Shamba langu limechoka, nitahama; naye hajachimba futi moja kutazama udongo wake una nini, wala hajatandaza nyasi juu yake kuukinga na jua. Mwingine asema, Kile kilima chenye miti juu ya chemchemi kimekaa bure, tukifyeke. Watu wa Lanzarote wangemwambia wa kwanza, Chimba. Na wa pili wangemwambia, Acha. Ni shauri la watu walewale, na walilipata kwa kuitazama nchi yao kwa uvumilivu baada ya kupoteza karibu kila kitu. Nasi tuitazame yetu kabla hatujapoteza.