Kamera ya kuvaliwa: Jinsi inavyoundwa nyumbani na mipaka yake kisheria

KAMERA ya kuvaliwa ni chombo kidogo kinachoning'inizwa shingoni au kubanwa kwenye nguo, nacho hupiga picha chenyewe bila ya mvaaji kubonyeza chochote. Mojawapo ya mifano iliyovuma ni SenseCam, iliyobuniwa mwaka wa 1999 na Lyndsay Williams katika maabara ya utafiti ya Microsoft mjini Cambridge, Uingereza. Wagonjwa waliopungukiwa na kumbukumbu waliivaa, kisha wakazitazama picha ili kukumbuka walikokwenda na waliokutana nao.

Siku hizi chombo kama hicho chaweza kuundwa mezani nyumbani, hata katika mtaa wa Section 58 jijini Nakuru. Kiini chake huwa bodi ya ESP32-CAM, yenye upana wa milimita 27 na urefu wa milimita 40 hivi, ambayo huuzwa kwa chini ya Sh2,000. Bodi hiyo ina kamera ya megapikseli 2, nafasi ya kadi ya kumbukumbu na mtambo wa Wi-Fi. Kwa kuwa haina tundu la USB, fundi huhitaji kiunganishi kidogo cha kuitilia programu kutoka kwa tarakilishi. Programu hiyo ndiyo huamua picha zipigwe kila baada ya muda gani. Kamera ikipiga kila sekunde 30 kwa saa 12, hukusanya picha 1,440.

Kizingiti kikubwa ni umeme. Bodi huhitaji volti 5, ilhali seli ya lithiamu iliyotolewa kwenye tarakilishi kuukuu hutoa volti 3.7, hivyo lazima pawe na kifaa cha kupandisha nguvu. Seli ya miliampea-saa 2,000 huisha kwa muda wa saa sita hivi kamera ikitumia miliampea 200 bila kupumzika. Ndiposa programu huilaza bodi baina ya picha. Seli iliyovimba au kutoboka haifai kabisa, kwani yaweza kushika moto kifuani pa mvaaji.

Ujuzi huu si mgeni nchini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, waliunda kamera za kunasa picha za wanyamapori kwa bodi nafuu za Raspberry Pi, wakazitega katika hifadhi ya chuo hicho.

Hata hivyo, swala hana haki ya faragha. Abiria wa matatu anayo. Haki hiyo imo katika Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humwachilia mtu anayetumia picha kwa shughuli zake binafsi au za nyumbani pekee, lakini kuzisambaza ni jambo jingine. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kilabu kimoja cha Nairobi kilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake.

Kwa sababu hiyo, waundaji waangalifu huongeza vitu viwili visivyogharimu sana: taa ndogo inayowaka kila picha inapopigwa, na swichi ya kuizima kamera mvaaji aingiapo zahanati, msalani au nyumbani kwa watu.