Je, Bahari Ilifika Ujiji?

Leo tunarudi kwenye njia ya kale ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Tutauliza swali moja tu: Je, hapo zamani sana, bahari iliwahi kufika huko bara? Someni polepole, na mwenzako akikwama, msaidie.

Kwanza jueni ya kwamba vitu vya bahari vilifika Tabora juu ya mabega ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa kilo 30 hivi. Katika mizigo hiyo mlikuwa na nguo, shanga, na makombe ya baharini pia. Kombe lilikatwa likawa kisahani cheupe kiitwacho kibangwa, na watemi wa Unyamwezi walikivaa kuwa alama ya enzi yao. Basi kibangwa kilipoonekana Tabora hakikuwa ajabu. Watu walijua kimeletwa.

Lakini mwaka wa 1858 jambo lilikuwa kinyume. Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka pwani mwezi wa Juni 1857. Mwezi wa Novemba walifika Kaze, hapo Tabora, na mwezi wa Februari 1858 waliliona Ziwa Tanganyika. Pamoja nao alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyejua kusema na watu wa bara. Speke aliokota makombe ya konokono wa ziwani, yakapelekwa London, na mwaka wa 1859 wataalamu waliandika habari zake. Konokono wengine wa ziwa hilo wana makombe manene, yenye miiba na matuta, kama ya bahari. Tena, mwaka wa 1883 Mjerumani Richard Böhm, aliyekuwa amekaa kusini ya Tabora, aliona konyeza katika ziwa lile. Konyeza ni mnyama mlaini kama uteute, na watu wengi wanamjua kuwa wa baharini.

Hapo swali likazuka. Makombe haya hayakuletwa na mpagazi. Je, yalifikaje?

Mwingereza aitwaye J. E. S. Moore alikwenda kuchunguza ziwa hilo mara mbili, mwaka wa 1895 na mwaka wa 1899. Mwaka wa 1903 alitoa kitabu kikubwa. Alisema ya kwamba Ziwa Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki barani, na konokono wake ni wazao wa konokono wa bahari hiyo, wa zama za Jura, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Wengi walipendezwa na maneno hayo.

Sasa tufikiri. Tutajuaje kama mahali fulani palikuwa bahari? Shahidi mmoja mzuri ni mnyama aitwaye trilobaiti. Alikuwa jamaa ya mbali ya kaa na wadudu, mwenye miguu mingi, na gamba lake lilikuwa na sehemu tatu ubavu kwa ubavu. Aliishi baharini tu. Alipokufa alifunikwa na matope. Matope yakawa mwamba, na gamba likaacha umbo lake humo. Umbo kama hilo huitwa kisukuku. Mwaka wa 1862 kilionekana katika mwamba wa pwani ya Wales kisukuku cha trilobaiti mkubwa wa jenasi ya Paradoxides, yaani kundi la wanyama walio karibu sana kwa ukoo. Urefu wake huweza kupita sentimita 30. Aliishi katika bahari za zama za Kambri, kama miaka milioni 500 iliyopita. Trilobaiti wote walikwisha kabisa kama miaka milioni 252 iliyopita. Lakini mwamba wenye umbo lake ungali unashuhudia: hapa palikuwa bahari.

Tulete kipimo hicho kwetu. Mawe makubwa ya Tabora ni itale. Yalitoka katika mawe yaliyoyeyuka kwa moto chini ya ardhi, nayo yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Kwa hiyo ukimtafuta trilobaiti ndani yake hutampata, kwa maana mawe hayo yalikuwapo kabla yake, wala hayakuwa matope ya bahari. Na ile bahari ya Jura? Miamba yake iko karibu na pwani, kwa mfano Tendaguru, mkoani Lindi. Kandokando ya Ziwa Tanganyika haikuonekana.

Mwaka wa 1904 mtaalamu mwingine, W. A. Cunnington, alitumwa kuchunguza tena. Baada ya kazi ya miaka mingi alikataa maneno ya Moore. Konyeza wa namna ile walionekana pia katika Ziwa Viktoria na mto Niger. Basi hawakuwa alama ya Tanganyika peke yake.

Je, kwa nini makombe yanafanana? Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na wataalamu wengi hukadiria umri wake kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Konokono wake walikaa humo peke yao muda mrefu sana. Ndani yake mna kaa wenye magando yenye nguvu, wanaovunja makombe. Mwenye kombe jembamba aliliwa. Mwenye kombe nene alipona, akazaa. Vizazi vikapita, makombe yakawa manene kama yale ya baharini, ambako pia kuna kaa wavunjaji. Kufanana kwao si undugu. Adui wa namna moja aliwapa silaha ya namna moja.

Moore alikuwa msomi, naye alisafiri sana. Hata hivyo, maneno yake yalipimwa kwa mawe na kwa viumbe, yakaonekana hayasimami. Nawe msomaji, usikubali neno kwa sababu tu limepigwa chapa. Uliza: shahidi wake yuko wapi?

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kibangwa kilifikaje Tabora?
2. Kwa nini hapana trilobaiti katika itale ya Tabora?
3. Taja vitu viwili vinavyofanana lakini havina asili moja.