Kuziba Jino la Utoto

Mzazi akiambiwa kwamba gego la mwanawe wa miaka minne limetoboka na linahitaji tiba, swali lake la kwanza huwa: si litang'oka lenyewe? Simlaumu. Sehemu ya kosa ni yetu sisi tunaotunga na kutafsiri istilahi. Meno hayo 20 tumeyaita meno ya utoto, meno ya maziwa, na vitabuni meno ya muda. Hilo la mwisho silitumii. Kitu cha muda hakikarabatiwi, husubiriwa kiishe. Magego ya nyuma ya mtoto huota akikaribia miaka miwili na nusu, na hukaa kinywani mpaka afike miaka 10 au 12. Muda wote huo ni ya kutafunia, na hulishikia nafasi jino la ukubwani linalojengeka chini yake.

Jina baya huweza hata kuleta kisu. Uvimbe wa ufizi mahali ambapo chonge halijaota ulipewa jina la meno ya plastiki, mtoto mchanga akiharisha ukalaumiwa wenyewe, na watoto wakachimbwa fizi ili king'olewe kile kinachodhaniwa kuwa plastiki. Kilichotolewa ni chipukizi la jino halisi. Basi mimi nasema meno ya utoto, na nawaomba wenzangu waseme hivyo.

Istilahi ngumu zaidi ni ile ya tiba. Duniani inajulikana kwa herufi tatu, ART, yaani atraumatic restorative treatment, na chimbuko lake ni Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walitafuta namna ya kuokoa meno mahali pasipo umeme wa kuendeshea mashine, ambapo mwenye jino bovu alikuwa akingojea koleo tu. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza tiba hiyo kwa nchi zote. Imesafiri kote huko na jina la Kiingereza, na nyumbani bado haina jina moja tunalokubaliana.

Kabla ya kuipa jina, tuitazame ikifanywa. Mtoto hulazwa, hata juu ya meza ya darasani. Tabibu hupanua mdomo wa tundu kwa kifaa cha mkono, kisha hukwangua kwa kijiko kidogo mno. Anaondoa uozo laini, ule unaobanduka bila nguvu. Kuta za tundu husafishwa vizuri pande zote, lakini karibu na kiini, penye mishipa ya damu na ya fahamu, sehemu iliyobadilika rangi na bado imara kiasi huachwa mahali pake. Halafu unga huchanganywa na majimaji, ukapakiwa tunduni na kukandamizwa kwa kidole chenye glovu iliyopakwa mafuta ya mgando. Hiyo ni saruji ya kioo: hushikamana na jino yenyewe, huganda bila taa, na huachia floridi kidogo kidogo. Mtoto hukaa saa moja bila kula.

Sasa jina. Wapo wanaopendekeza tiba rejeshi, wapo wanaosema kujaza. Rejeshi linatuambia jino limerudishiwa umbo lake. Kujaza linatuambia palipokuwa patupu pamepata kitu. Yote mawili ni kweli, ila hayagusi kinachoponya. Bakteria waliobaki chini ya saruji wamekatiwa sukari inayotoka kinywani, na uozo husimama kwa sababu njia imefungwa. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilo, na foleni ya kliniki imekuwa nacho siku zote: kuziba. Wahenga waliotuonya kuhusu ufa na ukuta hawakusema usipojaza. Wakati wataalamu walipoamini kwamba kila chembe ya uozo lazima ichimbwe kabla ya kupachika kitu, kuziba lilionekana neno la mtaani. Leo ndilo linaloeleza tiba vizuri kuliko yote.

Limebaki neno la mwanzo katika jina la Kiingereza, atraumatic, linalokanusha jeraha. Wengine huandika tiba isiyo na maumivu. Hapana! Kukwangua kunaweza kuuma kidogo, na mtoto aliyedanganywa mara moja hafungui kinywa mara ya pili. Isiyojeruhi ni afadhali, kwa kuwa sehemu nzima ya jino haikatwi bure, lakini linamsahau mtoto mwenyewe, ambaye mara nyingi ameepushwa na sindano ya ganzi na mlio wa mashine. Nimetua kwenye uzibaji wa upole. Upole unalihusu jino, unamhusu mwenye jino, na haumwahidi yeyote kwamba hatahisi kitu.

Jina hilo lisitumike kwa kila tundu. Penye tundu la upande mmoja kazi hudumu vizuri. Likishakula pande mbili za gego, saruji huvunjika mapema zaidi. Na jino linalomwamsha mtoto usiku kwa maumivu, au lililotokewa na kijipu cha usaha kwenye ufizi, uozo wake umeshafika kwenye kiini. Hilo halizibwi hivi. Linahitaji kutibiwa kiini au kung'olewa, na mzazi aambiwe hivyo siku hiyohiyo, kwa maneno hayohayo.