Shabaha na Uraia: Matayarisho ya Wimbledon, 1860

Tunapochunguza utamaduni wa taifa lolote, tumezoea kutazama ngoma zake, ushairi wake, mavazi yake na vyakula vyake. Ni mara chache tunapoutazama mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki. Hata hivyo mchezo huu una historia yenye mafunzo makubwa, kwa kuwa bunduki si mpira: dola haiiachi mikononi mwa watu ila kwa wale inaowaamini. Katika insha hii twakusudia kueleza jinsi Waingereza walivyoyatayarisha mashindano yao ya kwanza ya taifa ya shabaha, yaliyofanyika Wimbledon, karibu na London, mwezi wa Julai 1860; kisha tuyalinganishe na yaliyoipata nchi yetu miaka thelathini baadaye.

Chanzo cha mashindano hayo kilikuwa hofu. Mwaka 1859 Waingereza wengi waliamini kwamba Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, angeweza kuivamia nchi yao, na sehemu kubwa ya jeshi lao ilikuwa mbali, ikilinda makoloni. Tarehe 12 Mei 1859 Wizara ya Vita ilitoa waraka wa kuruhusu raia kuunda vikosi vya kujitolea. Lakini kulikuwa na sharti: wanakikosi wajigharimie wenyewe silaha na vifaa. Kwa sharti hilo, milango ilifunguliwa kwanza kwa wenye nafasi, na fundi au kibarua asiye na akiba alibaki nje. Baadaye serikali ilikubali kutoa bunduki, na watu wa kazi za mikono nao wakaingia kwa wingi. Haukupita muda mrefu ila hesabu ya waliojitolea ilizidi 100,000.

Sasa likazuka swali: watu hawa watafunzwaje? Ili tulielewe vema swali hilo, yafaa tueleze tofauti ya silaha. Mtutu wa bunduki za zamani, kama ulivyo mtutu wa gobore, ulikuwa laini ndani. Risasi ilitoka ikiyumba, na mlengaji hodari hakuweza kuitegemea kwa masafa marefu. Bunduki mpya ya Enfield ya mwaka 1853 ilikuwa imechongwa mifuo ndani ya mtutu. Mifuo hiyo iliizungusha risasi, nayo ikaenda moja kwa moja. Kwa hiyo jicho, pumzi na mkono wa mtu mmoja vilipata thamani ambayo havikuwa nayo hapo kabla. Bunduki hiyo mikononi mwa asiyefunzwa ilikuwa haina faida kubwa kuliko gobore.

Mwezi wa Novemba 1859 kiliundwa Chama cha Taifa cha Shabaha. Rais wake alikuwa Sidney Herbert, Waziri wa Vita, na kamati yake iliongozwa na Lord Elcho. Kazi iliyowakabili ilikuwa nyingi. Kwanza walihitaji ardhi iliyo wazi, ambapo risasi iliyokosa shabaha isimdhuru mpita njia; wakapata uwanda wa Wimbledon, uliokuwa chini ya mamlaka ya Earl Spencer. Pili yalijengwa matuta makubwa ya udongo nyuma ya shabaha ili kuzizuia risasi. Shabaha zenyewe zilikuwa mabamba ya chuma, na walinzi waliojificha karibu nazo walionyesha kwa bendera za rangi mahali risasi ilipopiga. Tatu zilitungwa kanuni zilizowafunga wote sawasawa: umbali, aina ya bunduki, idadi ya risasi na hesabu ya alama.

Lakini matayarisho makubwa zaidi yalifanyika makwao. Katika miji na vijiji vikosi vilitafuta viwanja vyao vya kufanyia mazoezi. Mafunzo yalifuata njia ya Chuo cha Shabaha cha Hythe, kilichoanzishwa mwaka 1853. Hapo mwanafunzi hakupewa risasi siku ya kwanza. Alifundishwa kwanza kuijua bunduki yake, kusimama na kupiga goti, kulenga bila kufyatua, na kukadiria umbali kwa macho. Ndipo aliporuhusiwa kutumia baruti.

Tarehe 2 Julai 1860 Malkia Victoria aliyafungua mashindano. Bunduki iliyoundwa na Joseph Whitworth, yenye tundu la pembe sita, ilifungwa juu ya kitegemeo na kulengwa kwa umbali wa yadi 400. Malkia alivuta uzi tu, na risasi ikapiga karibu kabisa na kitovu. Washindani wa Tuzo ya Malkia, ambayo ilikuwa paundi 250 pamoja na nishani ya dhahabu, walianza kwa yadi 300, 500 na 600. Waliofaulu wakaendelea kwa yadi 800, 900 na 1,000, yaani zaidi ya mita 900. Mshindi alikuwa kijana Edward Ross wa kikosi cha kujitolea cha Yorkshire.

Mashindano hayo yaliendelea Wimbledon hadi mwaka 1889, na mwaka 1890 yakahamia Bisley. Mwaka huohuo wa 1890, tarehe 2 Julai, miaka thelathini kamili tangu Malkia avute uzi ule, wajumbe wa mataifa, zikiwamo Uingereza na Ujerumani, walitia saini Mkataba wa Brussels huko Ubelgiji. Mkataba huo ulikataza bunduki za mifuo kuingizwa kwa ajili ya wenyeji katika nchi za Afrika zilizo kati ya nyuzi 20 Kaskazini na nyuzi 22 Kusini. Nchi yetu yote imo humo. Kilichoweza kuruhusiwa ni bunduki ya gumegume, yenye mtutu laini. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuikomesha biashara ya utumwa, nasi hatukatai kwamba bunduki zilikuwa zimeikuza biashara hiyo ovu. Lakini watawala waliziruhusu silaha bora kwa majeshi yao wenyewe, na katika miaka ileile walikuwa wakiitwaa nchi.

Matokeo yake yanajulikana. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikishinda kikosi cha Zelewski wakitumia zaidi mikuki na ujuzi wa nchi yao. Lakini katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, mikuki na magobore yalikabili bunduki za mifuo na bunduki za rashasha. Mwafrika alifundishwa shabaha alipovaa sare ya mtawala: askari wa Wajerumani, kisha askari wa Waingereza, waliopelekwa hata Burma katika Vita Kuu ya Pili. Alilenga vema, lakini hakuwa yeye aliyechagua shabaha.

Hali hiyo ilibadilika baada ya Uhuru. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 na Jeshi la Wananchi mwaka 1964. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulisisitiza kwamba ulinzi ni kazi ya wananchi wenyewe, na katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 mgambo wengi waliitwa kuitetea nchi.

Basi tunaposoma habari za mashindano ya shabaha, tusitazame alama na nishani peke yake. Tuulize nani aliitwa kwenye mstari wa kulengea, nani alizuiwa, na kwa amri ya nani. Uwanja waweza kupimwa kwa wiki chache, na tuta laweza kujengwa kwa majembe. Imani ya dola kwa raia wake, pamoja na nidhamu ya raia mwenye kuistahili imani hiyo, ndiyo matayarisho yaliyo magumu kuliko yote.