Kadi nyekundu ya Ndaye Mulamba

Mashabiki wa kabumbu hapa Kongo wanaolalamikia waamuzi kila Jumapili, kidonda chao ni cha zamani. Tarehe 18 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Leopards wa Zaire walikuwa wamekwisha kufungwa mabao manne na Yugoslavia ndani ya dakika 22. Wachezaji wakamzunguka mwamuzi Omar Delgado, raia wa Colombia, wakilalamikia bao la nne. Katika vurugu ile beki Ilunga Mwepu, namba 2, alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Kosa ni kosa, na adhabu ilistahili. Lakini aliyetolewa nje ni Ndaye Mulamba, namba 13!

Baadaye Mwepu mwenyewe alikiri. Siku ile hapakuwa na picha ya kurudia kuangalia kando ya uwanja; neno la mwamuzi lilikuwa la mwisho. Zaire ikalala 9-0.

Ndaye ndiye aliyefunga mabao 9 katika Kombe la Afrika kule Misri, miezi mitatu tu kabla, rekodi ambayo haijavunjwa. Miaka ya 1990 alikimbilia Afrika Kusini. Alifariki ugenini, Johannesburg, Januari 2019.